Weusi wa vyungu vya Kigiriki haununuliwi dukani

Ukitaka kuiga vyombo vya Ugiriki ya kale, vile vyenye michoro myeusi ya watu juu ya mwili mwekundu wa chombo, usianze kwa kutafuta rangi. Weusi ule ambao mafundi wa Athens waliutumia karne ya 6 K.K. ni udongo tu, uliochujwa sana kisha ukapitishwa kwenye moto wa hila. Mkemia Mjerumani Theodor Schumann ndiye aliyeifafanua kunga hiyo mwaka 1942.

Huku Mikindani, pwani ya kusini mwa Tanzania, udongo wa ufukweni una vipande vya matumbawe. Vikiungua hugeuka chokaa, vikanywa unyevu, chombo kikabanduka. Mimi nachukua wa bondeni, mbali na bahari. Choma kidonge kwanza: kikitoka chekundu, udongo una chuma cha kutosha.

Sasa uji wa kuchorea, na hapa usiwe na haraka. Tumia maji ya mvua. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na chumvi hushikanisha chembe zikazama zote pamoja. Kwa ndoo ya lita 10 tia kilo moja ya udongo mkavu uliotwangwa na kijiko cha chai cha magadi. Koroga, jaza chupa za plastiki zinazoonyesha ndani, ziache siku mbili bila kuguswa. Mchanga utalala chini, tope katikati, na juu yatabaki maji ya hudhurungi yasiyotaka kutulia. Ndiyo hayo. Yavute kwa mpira, usimimine, kisha yaanike kwenye sinia hadi yawe mazito kama mtindi. Utapata kikombe, tena kisichojaa.

Kufinyanga sitasema mengi. Wagiriki walitumia gurudumu. Mama zetu wa Kimakonde hawalihitaji, na kwa mtungi mdogo mimi pia silihitaji. Sugua kwa kokoto mpaka ung'ae.

Chombo kikiwa bado na ubichi kidogo, paka umbo la mtu kwa uji, usiwe mwepesi, halafu kwaruza macho na nywele kwa ncha ya msumari. Kielelezo changu ni mtungi wa Exekias, fundi wa Athens ya kale, ulioko Vatican: Achilles na Ajax, mashujaa wa hadithi za Kigiriki, wameinamia mchezo, mikuki mkononi. Wazee wa hapa wakiuona huuliza nani anamla mwenzake kwenye bao. Chora jina lako chini ya kitako, chombo chako kisije kuuzwa kama cha kale.

Moto wa lundo haufai, maana huwezi kuunyima hewa. Jenga tanuri ndogo ya matofali yenye matundu ya kuzibika. Panda taratibu hadi nyuzi 800 za Selsiasi, hewa ikiingia. Kila kitu kitakuwa chekundu. Endelea hadi karibu 950, tupa matawi mabichi ya mkorosho, ziba kila tundu kwa tope. Moshi utaugeuza mtungi mzima kuwa mweusi, na uji utayeyuka kidogo na kujifunga. Kisha fungua hewa tanuri ikiwa bado na joto la 850 hivi: mwili wenye vitundu hurudia wekundu, uji uliojifunga hubaki mweusi. Weka vigae vya majaribio vilivyotobolewa, uvivute kwa waya kuona umefika wapi. Wagiriki nao walifanya hivyo.

Uji ukirudia wekundu, moto wa moshi haukufika joto la kutosha au ulipaka uji mwepesi. Mwili ukibaki kijivu, ulichelewa kufungua hewa.