Ukishika usukani wa boti Marekani, umeshakubali kupimwa

Naendesha boti ndogo ziwani huku Marekani, na wageni wangu wengi hushtuka nikiwaambia hili: katika majimbo mengi, ukishika usukani tu, sheria inahesabu umeshakubali kupimwa pombe. Hukusaini popote! Ukikataa kupuliza kipimo, kule kukataa kwenyewe kuna adhabu yake. Kikomo cha kawaida cha pombe kwenye damu ni asilimia 0.08, na kwa jua lile na boti inavyoyumba, bia hupanda kichwani upesi kuliko nchi kavu. Mimi nikiendesha, nakunywa soda.

Kabla ya kuondoka hesabu vichwa, kisha hesabu jaketi za kuokolea. Ajali ikitokea, simama usaidie. Mtu akiumia kiasi cha kupita huduma ya kwanza, ripoti ifike ndani ya saa 48. Na mawimbi ya boti yako yakivunja gati la mtu, jiandae kulipa.