Jinsi ya kumtafuta babu aliyekuwa seremala enzi za Barghash, sultani wa Zanzibar, hatua kwa hatua

Kama kwenu kuna yale maneno ya "babu mkubwa alikuwa fundi seremala Unguja" na ukiuliza zaidi hakuna mwenye jibu, basi huu mwongozo ni wako. Kazi ya kutafuta koo za mwambao naifanya muda sasa, na mafundi ndo napenda kuwatafuta kuliko wote.

Miongozo mingi ya mtandaoni imeandikwa kwa watu wa Uingereza. Kule mtu anafungua sensa ya 1851 anamkuta babu yake na umri wake, alikozaliwa na kazi yake, kwisha habari. Sie hatuna sensa ya karne ya 19 yenye majina ya watu nyumba kwa nyumba, kwa hiyo ukifuata njia yao utakwama siku ya kwanza tu. Tena majina yetu ya wakati ule hayakuwa na ukoo nyuma yake, kina Juma bin Ali wamejaa kila mtaa, aliyeachwa huru anaweza kuandikwa kwa jina la bwana wake, aliyebatizwa anapewa jina jipya kabisa. Ushauri wangu ni huu na nitaurudia: usianze na jina, anza na kazi. Fundi alikuwa na mtu aliyemfundisha, ana mteja, ana sehemu anayonunua mbao, na huko kote ndo kuna alama zake.

HATUA YA 1: Kaa na wazee, lakini uliza vitu

Ukishatoa shikamoo na kunywa chai usikimbilie kuuliza "alizaliwa mwaka gani", hilo swali linafunga mlango, mzee atasema hajui na mazungumzo yameisha. Uliza alikuwa anatengeneza nini. Majahazi? Milango ya nakshi? Vitanda na masanduku? Au viti vya kanisani? Uliza vyombo vyake vilikuwa vipi, kama kuna anayekumbuka tezo, keekee ya kamba, msumeno, randa, patasi, na vilienda kwa nani alipokufa. Alikuwa anatumia mti gani, msaji wa kutoka Bara Hindi, mvule, mbambakofi, mfenesi? Nani alimfundisha, nani alikuwa mwanafunzi wake, alikuwa analipwa na nani?

Haya majibu ndo yanakwambia uende wapi baadae. Fundi wa majahazi unamtafuta kwa wenye vyombo na watu wa pwani, wa milango unamtafuta kwenye hati za nyumba za mji, na huyo wa viti vya kanisani moja kwa moja unaanza na misheni. Ukianza na jina peke yake utazunguka kote huko bila kujua unatafuta nini.

Rekodi kwa simu lakini omba ruhusa kwanza, na andika maneno yake kama alivyoyasema, usiyanyooshe. Akisema "alikuwa mtu wa nyumba ya fulani" andika hivyo hivyo, maana hayo maneno yana uzito wake, tutayarudia.

HATUA YA 2: Tengeneza kamba ya miaka

Wazee hawahesabu miaka ila wanakumbuka matukio, na sie tarehe za matukio tunazo. Kipindupindu kikubwa cha Unguja ni 1869 hadi 1870. Kimbunga kilichopiga minazi na mikarafuu ni Aprili 1872. Soko la watumwa Zanzibar lilifungwa 1873. Barghash alitawala 1870 hadi 1888 na lile jumba lake la Beit al-Ajaib ni la 1883. Mizinga ya Waingereza kupiga kasri ni tarehe 27 Agosti 1896, na mwaka huo huo reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa. Uliza "alikuwa ameshaoa wakati wa mizinga?" "Alikuja kabla ya reli au baada?" Utashangaa mtu aliyesema hajui kitu anakupa miaka kumi ya juu na kumi ya chini, hiyo inatosha kabisa kuanzia.

HATUA YA 3: Uliza alikuwa nani mjini, kwa adabu

Hapa ndo pagumu na ndo pana mali nyingi, kwa hiyo usiparuke. Mafundi wa karne ile walitoka kila upande. Wapo waungwana wa Lamu, Siu na Mombasa waliorithi kazi kwa baba zao, wapo waliotoka Kutch na Gujarat kule India, na wapo wengi sana waliokuwa watumwa. Mtumwa wa mjini akijua ufundi alikuwa anatoka kufanya kazi kwa watu, akipata ujira sehemu inakwenda kwa bwana wake na inayobaki yake. Wengine walitengeneza maisha yao kwa njia hiyo kabla hata ya amri ya 1897 iliyoondoa utumwa kisheria Unguja na Pemba, na upande wa mwambao wa Kenya ni 1907.

Familia nyingi hazitaki kulisema hili. Usilazimishe na usiulize mbele ya watu. Mi husubiri mpaka tubaki wawili, alafu namwambia mzee kuwa sitafuti kumwaibisha mtu, natafuta mtu aliyejenga kwa mikono yake wakati hata mikono hiyo watu walidai si mali yake. Mara nyingi hapo anaongea. Na asipoongea kuna dalili: jina kama Mabruki, Feruzi, Baraka, Songoro au Farjalla, hayo walipewa sana watumwa, ingawa si ushahidi peke yake, waungwana pia wengine walikuwa nayo. Hayo maneno ya "mtu wa nyumba ya fulani" ni dalili nyingine, na kama umepata jina la huyo fulani basi umepata kitu kikubwa, kwa sababu matajiri waliandikwa sana, na ukizifuata karatasi za tajiri unakuta watu wake ndani yake.

HATUA YA 4: Tazama mbao zenyewe

Kama kuna mlango, sanduku, kiti au kitanda kinachosemwa ni mkono wa babu, nenda na simu upige picha kila upande, na nyuma pia. Kwenye mlango angalia ubao wa juu wa nakshi, mingi ina aya za Qurani na mingine ina jina la mwenye nyumba na mwaka. Jina la fundi ni nadra sana kuliona, usivunjike moyo. Mwaka utakuwa wa Hijria, kuugeuza kwa haraka zidisha na 0.97 alafu jumlisha 622. Mfano 1300 inakupa 1883, na kweli mwaka 1300 ulianza Novemba 1882. Inakosea kidogo tu, mwaka mmoja hivi, kwa hiyo ukitaka siku kamili tumia programu za kugeuza kalenda.

Umbo nalo linasema. Milango yenye tao la duara juu na maua mengi ni ya mwisho mwisho wa karne na ina mkono wa Kihindi ndani yake, ile ya juu iliyonyooka ni mtindo wa zamani zaidi. Tazama mfaa, ule mti wa katikati, na miimo ya pembeni, alafu mtafute fundi mzee wa nakshi Unguja au Lamu umwonyeshe picha. Hawa watu wanasoma patasi, anaweza kukwambia huu ni mkono wa Siu au huu ni wa Kihindi, na hapo ghafla umejua babu alifundishwa upande gani.

HATUA YA 5: Karatasi za huku huku

Anza nyumbani, kwenye yale masanduku ya bibi. Hati ya nyumba, talaka, wosia, karatasi ya wakf, risiti, chochote. Alafu ndo uende kwenye nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, ambako kuna kumbukumbu za ubalozi wa Kiingereza, hati za mauziano na rehani, mambo ya wakf, na madaftari ya watu walioachwa huru, mengine yana jina, bwana na kabila. Yale ya zamani ni ya wakati wa Rigby, balozi wa Kiingereza, 1860 na 1861, alipowaandika watumwa waliokuwa mikononi mwa Wahindi. Nenda na jina la mtaa, jina la tajiri na ile kamba yako ya miaka, usiende na jina la babu tu.

Kwa mwambao wa Kenya kitu cha dhahabu ni sheria ya ardhi ya 1908, iliyotaka kila anayedai kiwanja au shamba pwani alete madai yake. Watu walileta mashahidi, walitaja walirithi kwa nani na jirani zao ni kina nani. Fundi aliyejenga kibanda chake Mombasa au Malindi anaweza kuwemo kama mdai, au shahidi, au jirani tu wa mpaka. Ulizia kumbukumbu za ardhi Mombasa na pia nyaraka za taifa Nairobi, lile jengo la Moi Avenue.

Karatasi za zamani nyingi zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Tafuta maalim akusomee, lakini mwambie jina unalotafuta kwa sauti, kwa sababu p, b na mb zote zinaweza kuandikwa kwa ba ile ile, na v ikawa fa. Kwenye hati za Kiarabu seremala ni najjar, ukimkuta mtu ameitwa al-Najjar simama hapo hapo umwandike.

HATUA YA 6: Misheni

Kama kuna harufu yoyote ya kanisa kwenye hadithi yenu usiiache hii, wamisionari walikuwa wanaandika kila kitu na walipenda kufundisha useremala. Mapadri wa Roho Mtakatifu, wale Wakatoliki wa Kifaransa, walifika Zanzibar 1863 wakafungua karakana, wakaenda Bagamoyo 1868, kumbukumbu zao kuu ziko Chevilly-Larue karibu na Paris. UMCA, misheni ya Waanglikana, walihamia Zanzibar 1864, wakawa na vituo vya Kiungani na Mbweni, makaratasi yao yako Oxford, maktaba ya Bodleian. CMS, nao Waanglikana, ndo wenye vituo vya Rabai na Freretown upande wa Mombasa, na yao yako chuo kikuu cha Birmingham. Freretown iliposimama 1875 walikuja kama watu 150 kutoka Nasik kule India, Waafrika waliokombolewa baharini wakiwa wadogo, wakalelewa na kufundishwa kazi za mikono, maseremala wakiwemo. Kwa hiyo kama babu yenu wa Mombasa alikuwa fundi, ana jina la Kizungu na watu wanasema "alitoka Bombay", usimwandike Mhindi kabla hujaangalia huko. Na kabla ya kufikiria Ulaya uliza parokia yenyewe kama madaftari ya ubatizo na ndoa bado yapo.

HATUA YA 7: Za mbali, ukiwa na bando

Picha za Winterton, mkusanyo wa picha za zamani wa chuo cha Northwestern kule Marekani, zinaonekana bure mtandaoni, ni za Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1860. Usitegemee kumkuta babu, ila utaona mtaa wake na vyombo alivyotumia. Kew, London, kwenye nyaraka za taifa za Uingereza, kuna faili za FO 84 za mambo ya biashara ya watumwa na FO 54 za Muscat na Zanzibar. Kwa Tanganyika ya Mjerumani ni Bundesarchiv, yaani nyaraka za taifa za Ujerumani, Berlin, kundi R 1001. Unapotafuta kwenye faharasa tumia maneno yao: carpenter, joiner na shipwright kwa Kiingereza, Tischler na Zimmermann kwa Kijerumani, charpentier na menuisier kwa Kifaransa. Kwa upande wa Wahindi jaribu mistri na suthar.

HATUA YA 8: Unganisha

Chukua daftari, kila habari andika imetoka wapi: mzee gani, tarehe gani, faili namba ngapi, ukurasa gani. Habari ya mdomo peke yake iandike kwa penseli, ikipata karatasi ya kuiunga mkono ndo unaipitisha kwa wino. Watu wawili wenye jina moja usiwaunganishe mpaka kazi, mtaa na miaka vikubaliane, vyote vitatu, kwa sababu ukimchukua babu wa watu wengine unawaharibia na wao. Na walio hai usiwaweke mtandaoni bila idhini yao.

Kuna upande mmoja wengi wanausahau kabisa, nao ni wanawake. Fundi mwenyewe anaweza asiwe na hata kiwanja kimoja kwa jina lake, lakini wanawake wa mwambao walikuwa wananunua, wanauza na kuweka wakf nyumba na minazi kwa majina yao, na hati ikitaja mwanamke inataja baba yake na mara nyingine mumewe. Kwa hiyo ukikwama kwa babu, rudi kwenye faharasa ile ile utafute mke wake, dada zake na binti zake, mmoja mmoja, ukianza na yule ambaye wazee walisema alikuwa na nyumba.