SOMO: Kufuma mkoba wa bega ambao mkanda wake haushuki

Wafumaji wenzangu, salaam. Kila wiki napokea ujumbe uleule: "Dada, mkoba ulitoka mzuri, sasa mkanda umeshuka mpaka mapajani, nifanyeje?" Nimejibu mmoja mmoja kwa miezi, na majibu yanapotelea kwenye simu. Leo naandika mara moja. Atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa.

Mkoba wenyewe ni wa uzi wa pamba, chini duara, wa kuvaa begani. Ninaufumia nyumbani Ngamiani, Tanga, nauuza kwa WhatsApp na Instagram, na wateja wangu wengi wako Dar na Dodoma.

VIFAA
Uzi wa pamba wa unene wa kati, gramu 300. Kroshia mbili, ya milimita 4 na ya milimita 3.5. Sindano butu yenye tundu pana. Pini moja ya kuwekea alama. Tepu ya kupimia. Kitambaa cha bitana. Na utepe wa begi, ule mgumu wanaotumia mafundi wa mabegi, kama mita moja. Huo utepe usiuache dukani kwa kubana hela.

TUELEWANE MAJINA
Kila mtaa una majina yake. Mimi nasema hivi. Cheni: vitanzi vya kuanzia. Fundo fupi: unachomeka kroshia, unavuta uzi, unabaki na vitanzi viwili, unavuta tena kupitia vyote viwili. Fundo refu: unazungusha uzi kwenye kroshia kwanza, ndipo unachomeka na kuvuta uzi, unabaki na vitanzi vitatu, kisha unavuta kupitia viwili viwili mara mbili.

Hatua ya 1. Jaribu rangi. Lowesha kipande cha uzi, kibane ndani ya kitambaa cheupe. Ukiacha rangi, usiuchanganye na uzi mweupe.

Hatua ya 2. Kitako. Kroshia ya milimita 4, fundo fupi tupu. Mzunguko wa kwanza mafundo 6, wa pili 12, wa tatu 18, wa nne 24. Kila mzunguko unaongeza 6 mpaka mzunguko wa 18, ambao una mafundo 108. Kuongeza maana yake mafundo mawili kwenye tundu moja. Hamisha mahali pa kuongezea kila mzunguko. Ukiongeza juu ya ongezeko la chini yake, duara linatoka na pembe sita. Pini iwe mwanzo wa mzunguko muda wote, na uhesabu.

Hatua ya 3. Ubavu. Mzunguko wa kwanza chomeka kitanzi cha nyuma tu ili kitako kipate ukingo. Baada ya hapo panda bila kuongeza mpaka sentimita 28.

Hatua ya 4. MKANDA. Hapa soma taratibu.

Mwaka juzi nilimuuzia dada mmoja wa Dar mkoba wa rangi ya udongo, kazi ya siku tisa. Mkanda niliufuma kwa fundo refu kwa sababu linakwenda haraka na matundu yake yanapendeza. Nikaupeleka stendi ya Kange, ukapanda basi la asubuhi. Baada ya wiki tatu akanitumia picha. Mkanda uliotoka kwangu na sentimita 60 ulikuwa umefika 78, mkoba unampiga pajani. Ndani alikuwa anabeba chupa ya maji, daftari na chaja, basi. Nilimrudishia hela yake yote na mkoba nikamwachia. Iliniuma, maana mkoba wenyewe haukuwa na kasoro hata moja.

Nikakaa chini kuutafuta ugonjwa. Nilifuma mikanda minne ya sentimita 60, nikaipigilia misumari kwenye boriti ya uani, kila mmoja nikaufunga ndoo yenye lita 3 za maji, yaani kilo 3. Asubuhi nikapima. Wa fundo refu ulikuwa umeongezeka sentimita 14. Wa fundo fupi uliofumwa kwa kukata upana, vistari vifupi vifupi, 8. Wa fundo fupi uliofumwa kwa urefu, vistari virefu kutoka ncha hadi ncha, 4. Huohuo wa urefu ukiwa umeshonewa utepe haukufika hata nusu sentimita.

Sababu yake ni hii. Kitu kilichofumwa ni vitanzi vilivyoshikana. Ukikining'iniza, kila kitanzi kinajinyoosha kufuata uzito: upana unapungua, urefu unaongezeka. Fundo refu lina kitanzi kirefu na tundu kubwa, kwa hiyo lina nafasi kubwa ya kujinyoosha. Na pamba si sufu, ikishavutika, hairudi.

Fanya hivi. Chukua kroshia ndogo, ya 3.5. Funga cheni za kufika sentimita 84: 60 za begani, na 12 za kushuka ubavuni kila upande. Fuma fundo fupi kwa urefu, mistari 6. Uning'inize usiku mzima na lita 3 za maji KABLA ya kuushona popote. Asubuhi upime upya, ndipo ukate utepe, pungufu ya mkanda kwa sentimita 1. Utepe ukilingana na mkanda au ukiuzidi, uzito wote unabebwa na uzi na utepe unakuwa pambo. Choma ncha za utepe kwa mshumaa zisichambuke. Shona kwa uzi wa poliesta, kingo zote mbili.

Usishone mkanda kwenye mdomo wa mkoba peke yake. Mdomo utavutika kama masikio. Zile sentimita 12 zishuke ubavuni, ushone mraba wenye msalaba katikati.
Usining'inize mkoba uliolowa. Maji ni uzito. Ulaze juu ya taulo kivulini.
Usiuze mkoba ambao mkanda wake hujaujaribu. Hata kama mteja ana haraka.

Hatua ya 5. Bitana: kitenge au kanga, uifue kwanza.

Hatua ya 6. Ficha nyuzi kwa sindano, sentimita 10, ukigeuza njia mara mbili.

Hatua ya 7. Picha asubuhi barazani, bila taa. Andika vipimo vyote pamoja na urefu wa mkanda.

Maswali karibuni.

————

Shosti wa Chumbageni: Asante kwa somo. Mimi mkanda wangu unavutika sana, tatizo ni nini?

Mfumaji wa Ngamiani: Hatua ya 4.

Shosti wa Chumbageni: Nimeona ndefu. Kwa kifupi?

Mfumaji wa Ngamiani: Njia ya mkato ndiyo iliyonigharimu mkoba mzima. Isome, dada. Ukikwama kwenye sentensi fulani niandikie sentensi hiyo, nitakueleza.

Mama wa Muheza: Shikamoo dada. Kitako changu kinajikunja kama ua, hakilali. Nimefuata 6, 12, 18 sawasawa. Nataka kujua kwa nini, nisirekebishe kwa kubahatisha.

Mfumaji wa Ngamiani: Marahaba mama, swali zuri. Kila duara linapopanuka, mzingo wake unaongezeka kwa mara 6.28 ya kile ulichoongeza kwenye nusu kipenyo. Fundo fupi lina kimo kinachokaribiana na upana wake, ndiyo maana mafundo 6 kwa kila mzunguko yanatosha. Fundo refu lina kimo cha karibu mara mbili, kwa hiyo linahitaji 12. Ukiongeza chache mno, kitako kinajikunja juu kama bakuli. Ukiongeza nyingi mno, kinapata mawimbi. Chako kina mawimbi, kwa hiyo ama mafundo yako ni mafupi kuliko kawaida kwa sababu unakaza sana, ama unahesabu lile la mwanzo mara mbili. Hesabu mzunguko wa mwisho kwanza. Hesabu ikiwa sawa, jaribu kroshia ya 4.5.

Mama wa Muheza: Nimehesabu. Mzunguko wa 10 una 67 badala ya 60!

Mfumaji wa Ngamiani: Basi umeupata mama. Fumua mpaka wa mwisho ulio sahihi. Usipunguze juu kwa juu, alama itaonekana.

Kijana wa Usagara: Naona mikoba ya kufuma ya dukani haina utepe na watu wananunua. Huoni unawatisha watu bure?

Mfumaji wa Ngamiani: Simtishi mtu. Nimeweka vipimo, na ndoo unayo nyumbani. Mikoba mingi ya dukani inafumwa kwa uzi wa poliesta, na huo hauvutiki kama pamba. Ukifuma kwa poliesta, mkanda wa fundo fupi uliofumwa kwa urefu unaweza kutosha bila utepe. Mimi nimeandika kuhusu pamba.

Kijana wa Usagara: Sawa, hiyo ya poliesta sikuijua.

Binti Makorora: Dada mimi nilifuata maelezo ya kwenye intaneti, yameandikwa "dabo", nikafuma fundo refu. Mkoba ukatoka mkubwa kama kapu la sokoni. Nimekosea wapi?

Mfumaji wa Ngamiani: Hujakosea wewe. Wamarekani na Waingereza wanatumia maneno yaleyale kwa mafundo tofauti. Dabo ya Uingereza ndilo fundo fupi langu, na Wamarekani wanaliita singo. Dabo ya Marekani ndilo fundo refu, na Waingereza wanaliita trebo. Pitia maelezo yote kabla ya kuanza: ukikuta neno singo mahali popote, ni ya Marekani, kwa sababu Waingereza hawalitumii. Ukikosa, angalia picha. Na hilo kapu usilifumue, tia bitana nene ulifanye la sokoni kweli.

Mpenda Bure: Nitumie maelezo yote inbox na bei ya mkoba na namba ya anayeuza uzi.

Mfumaji wa Ngamiani: Maelezo yako juu. Namba za watu sitoi.

Mvuvi wa Sahare: Habari dada. Mimi sifumi mikoba, nashona nyavu, nimesoma kwa sababu mke wangu anafuma. Kwa nini usipitishe uzi wa nyavu ndani ya mkanda? Unaulaza juu ya mstari, unafuma ukiufunika. Kwa nje hauonekani.

Mfumaji wa Ngamiani: Kaka, hili sijawahi kulifikiria. Hauchomoki? Nyuzi za nyavu zinateleza.

Mvuvi wa Sahare: Unateleza ndiyo. Funga fundo kila ncha, kisha choma ncha kwa kiberiti mpaka ifanye kichwa kidogo kigumu. Halafu chagua poliesta. Nailoni ikilowa hulegea kidogo, poliesta hailegei.

Mfumaji wa Ngamiani: Ahsante sana. Nitafuma mmoja hivyo nining'inize kwa lita 3, nilete kipimo hapa. Kwa mikanda myembamba ambayo utepe unaifanya kuwa migumu, hii inaweza kuwa dawa yake. Msalimie shemeji.

Mwalimu wa Korogwe: Tuko katikati ya mkonge na tunanunua uzi wa mbali. Katani haifai?

Mfumaji wa Ngamiani: Inafaa, mwalimu, mahali pake. Mkonge umeletwa huku mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mpaka leo Tanga ndiyo nyumbani kwake. Katika uzito wa jani zima, nyuzi ni kama asilimia 4 tu, hivyo kila kamba unayoishika imetoka kwenye majani mengi. Mimi kamba nyembamba ya katani naitumia kwenye kitako, kroshia ya milimita 6. Mkoba unakaa wima na haulegei. Ilainishe kwa maji kidogo wakati wa kufuma, ufunge plasta kidole cha shahada maana inakata. Kwenye mkanda usiitumie: inakwaruza bega na inanyofoa nyuzi za nguo. Na isikae na unyevu, inapata madoa. Kwa hewa yetu ya bahari, hifadhi mkoba ndani ya mfuko wa kitambaa, si wa nailoni.

Mwalimu wa Korogwe: Na bei unapangaje? Wanafunzi wangu wa zamani wanauza kwa hasara.

Mfumaji wa Ngamiani: Wengi wanahesabu uzi na kusahau mikono. Hesabu yangu ya mkoba mmoja: uzi 24,000, bitana na utepe 5,000, mfuko wa kufungia 1,000, saa 14 kwa shilingi 2,000 ni 28,000. Jumla 58,000. Nauli ya basi ni ya mteja. Waambie waandike saa zao daftarini kwa mikoba mitatu ya mwanzo, wasikisie. Mteja akisema kuna mahali ni 25,000, wamshukuru wamwache aende. Wakitaka kuuza kwa bei ndogo, wafume kitu cha saa mbili, kama kibanio cha nywele au mfuko wa simu.

Binti Makorora: Dada nimerudi. Nimefuma mkanda mpya kwa urefu, nikaning'iniza jana usiku. Ulikuwa 84, asubuhi hii ni 89. Sasa utepe nikate wa 84 au wa 89?

Mfumaji wa Ngamiani: Wa 88. Pungufu sentimita 1 ya ulivyo SASA. Ukiukata wa 84 mkanda utajikunja juu ya utepe kama kiwavi.

Binti Makorora: Ila nilitaka uwe 84.

Mfumaji wa Ngamiani: Basi fumua uanze na cheni za sentimita 79. Ni mistari 6 tu, jioni moja. Kisha uning'inize tena, uniambie umefika ngapi.