Jinsi ya kuipokea familia ya wakimbizi mtaani kwenu Nairobi, hatua kwa hatua

Kufikia 2025, wakimbizi na waomba hifadhi nchini Kenya walikuwa zaidi ya 800,000. Wengi wako Dadaab, iliyoanzishwa 1991, na Kakuma, iliyofuata 1992, pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyofunguliwa jirani yake 2016. Lakini makumi ya maelfu tunaishi nao hapa Nairobi: Wasomali na Waethiopia kule Eastleigh, Wakongomani na Warundi huku Kayole, Umoja, Githurai na Kasarani.

Kambini kuna mgao wa chakula, hata kama umepunguzwa sana tangu 2025. Mjini hakuna mgao, na kinachomuumiza mgeni zaidi ni kwamba hana mtu wa kumtaja. Msimamizi wa ploti anamuuliza nani anakujua hapa. Mwalimu mkuu anauliza hivyo hivyo, na polisi usiku naye ana swali lake. Kwa hiyo kazi kubwa ya mtaa ni kumfanya mtu huyu ajulikane, kwa njia halali, na watu wanaofaa. Unga na blanketi vinasaidia, lakini vinaisha.

Naratibu kikundi cha majirani Kayole, na familia nyingi tulizopokea zimetoka Kivu, mashariki mwa Kongo. Hatua zifuatazo ni zile tunazofuata. Mkiwa mji mwingine wa Kenya, badilisheni ofisi tu.

Hatua ya 1: Undeni kikundi kidogo, kila mtu na kazi yake

Watu watano hadi saba wanatosha. Kanisa zima au msikiti mzima ukijitolea, wiki ya tatu hakuna anayejua nani alipaswa kwenda hospitali. Mmoja ashike karatasi, mwingine nyumba, mwingine shule, mwingine afya (mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu anafaa sana), na mmoja ashike pesa. Wanawake wawe wengi wa kutosha, maana familia nyingi zinazofika zinaongozwa na akina mama.

Mtu mmoja katika kikundi lazima awe mkimbizi aliyeishi Nairobi muda mrefu. Hilo kwangu halina mjadala. Yeye ndiye anayejua foleni inaanza saa ngapi, ofisi ipi imehamishwa, na ndiye atakayetafsiri Kinyamulenge, Kifuliiru au Kirundi mgeni akishindwa kujieleza kwa Kiswahili. Msimtumie mtoto kutafsiri. Watoto hujua lugha haraka na ni rahisi kuwaita, lakini mtoto wa miaka kumi hapaswi kumweleza daktari yaliyompata mama yake.

Kuhusu pesa: kabla familia haijafika, amueni mtalipa kodi ya nyumba miezi mingapi, kisha muwaambie wazi siku ya kwanza. Miezi mitatu ya uhakika ni bora kuliko ahadi ya “tutaona”. Michango iandikwe, na watu wawili waidhinishe kila matumizi, kama mnavyofanya kwenye chama.

Hatua ya 2: Shughulikieni karatasi kabla ya kitu kingine chochote

Mshika karatasi akae na wazazi, atazame kila hati, aandike aina, namba na tarehe ya kuisha, kisha wapige nakala. Hati zenyewe zibaki kwa familia. Hakuna sababu ya hati ya mkimbizi kulala kwenye kabati la mchungaji, imamu au mwajiri.

Mtakutana na vitu vitatu hasa: cheti cha mtu ambaye ombi lake la hifadhi bado linasubiri uamuzi, barua ya kutambuliwa kuwa mkimbizi, na kitambulisho cha mkimbizi. Mwenye dhamana ya usajili ni Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2021 iliyoanza kutumika Februari 2022. Aliyeingia nchini juzi na hajasajiliwa mpelekeni mara moja, maana sheria inataka mtu ajitokeze kwa maafisa ndani ya siku 30. Aliyechelewa asijifiche kwa ajili hiyo. Aende, na ikiwezekana aende na mwanasheria. Mashirika ya msaada wa kisheria, Kituo cha Sheria na Refugee Consortium of Kenya, yamefanya kazi hii kwa miaka mingi. Pigeni simu kwanza, kwa kuwa mashirika mengi yalipunguza wafanyakazi ufadhili ulipokatwa 2025.

Angalieni pia hati inasema aishi wapi. Bado serikali inawataka wakimbizi wengi wakae maeneo yaliyotengwa, na anayetoka Kakuma au Dadaab anahitaji kibali cha kusafiri. Mtu asiye na ruhusa ya kuwa Nairobi yuko hatarini kila akitoka nje, na mkimpa nyumba bila kulishughulikia hilo mnampa hofu yenye kodi. Wazee waliokuwa hapa wanakumbuka: Julai 2013 Mahakama Kuu ilibatilisha agizo la kuwahamishia kambini wakimbizi wa mijini, na bado 2014, wakati wa msako wa polisi ulioitwa operesheni ya Usalama Watch, maelfu walikamatwa na wengi wakazuiliwa uwanja wa Kasarani. Ndiyo maana mgeni wenu anaweza kugeuka njia akiona gari la polisi, hata kama karatasi zake ziko sawa.

Kuna jambo jipya linalowachanganya wengi. Sheria ya 2021 inamruhusu mkimbizi anayetoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuachia hadhi yake ya ukimbizi kwa hiari, ili anufaike na haki za raia wa jumuiya. Kongo iliingia 2022 na Somalia 2024, kwa hiyo linawagusa watu wengi wa mitaa yetu. Kwa mfanyabiashara aliyetulia linaweza kuwa na faida. Kwa mtu anayewindwa na waliomfukuza kwao, kuachia hadhi hiyo ni kuachia ulinzi dhidi ya kurudishwa. Msimshauri mtu kutia saini kabla hajaketi na mwanasheria.

Mwisho kabisa, semeni nao kuhusu madalali, na mseme siku ya kwanza. Kuna watu wanaouza “nafasi” za kwenda Marekani, Kanada au Australia, wengine wakiwa na nguo zenye nembo. Usajili ni bure, mahojiano ni bure, na kuhamishiwa nchi ya tatu hakuuzwi. Familia iliyouza mashamba Uvira hupoteza pesa za mwisho hapa.

Hatua ya 3: Nyumba

Msimamizi wa ploti ahusishwe kabla ya siku ya kuhamia. Nendeni wawili, mmoja akiwa mtu anayejulikana pale, mwambieni familia ni ya watu wangapi na nani atalipa kodi hadi lini. Risiti na mkataba viandikwe jina la mpangaji mwenyewe. Mkiandika jina lenu, siku mtakapokoma kulipa atakuwa mgeni upya kwenye nyumba anayoishi. Siku hiyo hiyo mpelekeni kwa balozi wa Nyumba Kumi na kwa chifu akasalimie. Salamu hiyo ya dakika tano inafanya kazi kuliko godoro.

Ghorofa ya chini ikipatikana, ichukueni, hasa pakiwa na mzee, mjamzito au mtu mwenye jeraha.

Jioni ya kwanza pawe na chakula cha moto. Kwa Wakongomani tunatafuta unga wa muhogo, sombe (majani ya muhogo) na dagaa, na karibu kila mtaa wenye Wakongomani kuna mama anayeviuza. Kisha mmoja wenu akae jikoni na atakayepika. Mitungi ya gesi ya kilo 6 iko kila ploti, lakini mtu aliyepika kwa kuni maisha yake yote hajawahi kuishika. Mwonyesheni: kwanza kagua mpira, washa kiberiti, ndipo ufungue kitasa, ukimaliza, funga juu ya mtungi, usifunge kwenye jiko peke yake. Kisha mwacheni afanye mwenyewe huku mkitazama, arudie hadi mkono ukae. Akisikia harufu ya gesi, asiguse swichi ya taa, afungue mlango na dirisha. Na kama atatumia makaa, jiko lisilale ndani ya chumba kilichofungwa, hata usiku wa baridi ya Julai. Hewa yake inaua watu wakiwa usingizini.

Muonyesheni pia tokeni za umeme zinanunuliwa wapi, mtungi wa maji wa lita 20 unauzwa bei gani mtaani ili asipandishiwe, na pesa za taka anapewa nani.

Hatua ya 4: Waacheni wapumzike, na msiulize yaliyowasibu

Watu wakarimu hukosea hapa kwa nia njema. Wanakuja kumi, wanaleta nguo, wanaketi, kisha wanauliza, “Pole sana, ilikuwaje?” Mgeni amekwisha kusimulia habari hiyo mpakani, kwenye usajili na kwenye mahojiano, na huenda ombi lake linategemea maneno hayo hayo. Ikizagaa mtaani inaweza kumfikia mtu asiyetakiwa kujua yuko wapi. Akitaka kusema, atachagua mtu na wakati.

Picha ni hivyo hivyo. Hakuna picha za kukabidhi unga, hakuna uso wa mtoto kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya. Mfadhili akihitaji ushahidi, mpelekeeni risiti.

Nguo zilizochakaa zirudi kwa aliyezileta.

Hatua ya 5: Shule

Mtoto mkimbizi ana haki ya kusoma shule ya msingi ya umma. Nendeni na mzazi, hati za familia, na nakala mbili za kila kitu. Shule ikidai cheti cha kuzaliwa cha Kenya ambacho mtoto hana, ombeni kwa upole mwalimu mkuu aitumie hati ya usajili wa familia, na akikataa pandeni hadi ofisi ya elimu ya kaunti ndogo.

Vita vya kweli ni darasa gani. Mtoto wa miaka 13 aliyesoma kwa Kifaransa Bukavu anaweza kukaa kimya mbele ya mtihani wa Kiingereza, akapangwa Gredi ya 3 na watoto wanaomfikia kifuani. Huyo ataacha shule. Ombeni apimwe hesabu kwa karatasi ya tarakimu tupu, bila maelezo ya Kiingereza. Wengi watawashangaza walimu. Kisha mtafuteni kijana wa sekondari hapo mtaani amfundishe Kiingereza jioni, na darasa hilo liwe la watoto wote wa ploti, wakiwemo wa Wakenya. Kalobeyei ilijengwa kwa wazo hilo, mwenyeji na mgeni kutumia shule moja na hospitali moja, na hata kwenye ploti moja linapunguza manung’uniko.

Hatua ya 6: Afya

Kituo cha afya cha kaunti kilicho karibu ndicho mlango wa kwanza. Mwenye kitambulisho cha mkimbizi asaidiwe kujisajili na SHA, bima ya afya ya serikali. Wajawazito na watoto wa chanjo waende wiki ya kwanza.

Dalili za majonzi makubwa zinaweza kuchelewa: mtu anakuwa sawa mwezi mzima, kisha halali usingizi, hali chakula, hasemi. Msimwachie maombi peke yake. Mpelekeni kwa mhudumu wa afya. Namba ya 1195 husaidia waliodhulumiwa kijinsia na 116 ni ya watoto. Ziandikeni ukutani.

Hatua ya 7: Kazi na laini ya simu

Msimsajilie mgeni laini ya simu kwa kitambulisho chako. Unaona unamsaidia, lakini pesa zake zitakuwa zako kisheria, na deni lake pia. Mpeleke na hati yake kwenye duka kuu la kampuni ya simu, maana wakala wa kibandani mara nyingi haijui hati hiyo na atamrudisha.

Kuajiriwa rasmi kunahitaji kibali cha kazi cha Daraja M, ambacho mkimbizi halipii ada lakini hukisubiri. Wengi huanza na mikono yao: kushona vitenge, kusuka, kuoka. Nunueni cherehani badala ya kutoa pesa taslimu, na mwende naye ofisi ya kaunti kuuliza leseni kabla hajafungua kibanda. Walimu na wauguzi wenye vyeti vya Kongo waanze mapema mchakato wa kutambuliwa na KNQA, mamlaka ya Kenya inayotambua vyeti vya masomo vya nje. Mwalimu wa Kifaransa hahitaji kusubiri yote hayo ili apate wanafunzi wa jioni.

Chungeni waajiri wanaomlipa mkimbizi nusu kwa kuwa hawezi kulalamika. Jirani akisimama mlangoni na kuuliza mshahara wa mwezi uko wapi, mara nyingi unapatikana.

Hatua ya 8: Kuondoka

Mwezi wa mwisho wa kodi mnayolipa, fanyeni kikao na familia. Orodhesheni nani wanamjua sasa: chifu, mwalimu wa darasa, muuguzi, mama mboga anayewakopesha, jirani wa kuachiwa mtoto. Pakiwa na pengo, lizibeni kabla hamjatoka. Kisha futeni majina yenu kwenye fomu za shule na za hospitali mahali mlipojiandika kama watu wa kupigiwa simu, na wazazi wajaze yao au ya jirani waliyemchagua wenyewe.

Kazi moja inabaki na mshika karatasi: tarehe ya kuisha kwa kila hati. Aiweke kwenye simu yake, na awakumbushe miezi mitatu kabla, kwa sababu upyaji huchukua muda na polisi hawasomi foleni, wanasoma tarehe.