Umepiga chuma saa nzima, umechoma kalori ngapi? Hesabu yenyewe hii hapa

Hakuna mtu atakwambia kalori kamili ulizochoma ukiinua chuma, labda akuvalishe ile maski ya maabara ya kupima hewa unayovuta na kutoa, na jimu zetu za huku Kondele, Kisumu, kupata hata feni inayozunguka ni bahati. Kwa hivyo tunakadiria. Ukiwa na mizani, saa na kalkuleta ya simu utakadiria vizuri kuliko hizo apu zinazokuonyesha ati umechoma 700 na ulikuwa unafanya mikono tu.

Anza na kilo zako, na sio zile za medikali ya kazi mwaka juzi, za leo. Kama huna mizani kwa nyumba kuna wale majamaa hukaa na mizani kando ya barabara tao, unatoa shilingi kumi unapanda, ila toa viatu na simu na ule mzigo wa funguo. Ukishachagua mizani moja kaa nayo hiyo hiyo, ukizungukazunguka kila mizani itakupa habari yake.

Halafu muda, na hapa ndio hesabu za wengi huharibikia. Mtu anaingia saa kumi na mbili jioni anatoka saa moja na nusu anaandika dakika 90, na kati hapo amechambua mechi ya Gor, amejibu meseji, amengoja benchi, ameenda nje kupokea simu. Wewe hesabu kuanzia seti ya kwanza (seti ni ule mzunguko mmoja wa kuinua mara kadhaa kabla upumzike) mpaka ya mwisho, kisha utoe hizo stori ndefu. Yale mapumziko ya kawaida ya dakika moja mbili kati ya seti usiyatoe, kwa sababu namba ninazokupa hapa chini tayari zimeyabeba, ukiyatoa utakuwa umejipunja.

Sasa namba zenyewe. Kuna orodha inaitwa Compendium of Physical Activities, ilitolewa Marekani mwaka 1993 na Barbara Ainsworth na wenzake na imekuwa ikirekebishwa, imepanga karibu kila kazi ya mwili kwa kipimo kinaitwa METI. METI 1 ni mtu amekaa tu ametulia, na hapo anatumia kama kalori moja kwa kila kilo yake kwa saa. Kwenye toleo la 2011 chuma cha kawaida, mazoezi mchanganyiko ya mara 8 hadi 15 kwa seti, kimepewa 3.5. Skwoti, yaani kuchuchumaa na kuinuka na chuma, 5. Chuma cha nguvu kama cha watu wa kujenga mwili ama kuinua mizigo mizito 6. Saketi ya kukimbizana, unatoka zoezi hili unaingia lile bila kupumzika sana, inaweza kufika 8.

Ukweli ni kwamba wengi wetu ni 3.5, hata kama roho inasema 6. Kama kati ya seti unaweza kuimba na ile ngoma inapigwa kwa spika wewe ni 3.5 na hakuna aibu hapo.

Hesabu ni kuzidisha tu: METI mara kilo mara saa. Chukua dada wa kilo 64 aliyefanya dakika 50 za kawaida. 3.5 mara 64 ni 224 kwa saa nzima, mara 50 gawa kwa 60, unapata kama 187. Lakini ngoja, usiandike hiyo bado, kwa sababu hata angebaki kwa nyumba akitazama runinga angetumia kalori kadhaa, mwili haujizimi. Kwa hivyo toa METI 1 kwanza kabla ya kuzidisha, iwe 2.5, na hapo jibu linashuka mpaka kama 133. Hiyo 133 ndio ya jimu. Jamaa wa kilo 90 anayekazana kweli kweli kwa dakika 40, METI 6 toa 1 ibaki 5, mara 90 ni 450, mara 40 gawa kwa 60, ni 300. Kama uzito wako mwingi ni mafuta, jibu lako lipunguze kidogo tena, kwa sababu ile kalori moja kwa kilo kwa saa huwa inawazidishia watu wazito.

Najua hapa kuna mtu ameshika smatiwochi anasema yangu imesema 480. Mwaka 2017 watu wa chuo kikuu cha Stanford walipima vifaa saba vya mkononi, mapigo ya moyo vingi vilisoma vizuri, lakini kalori hata kimoja hakikupata, kile bora kilikosea kwa wastani wa asilimia 27 na kile kibaya zaidi asilimia 93. Na kwa chuma shida huwa kubwa zaidi, kwa sababu saa hutumia mapigo ya moyo kubahatisha hewa uliyotumia, kitu ambacho kinaenda sawa ukikimbia kwa mwendo mmoja. Ukibana pumzi chini ya chuma presha inapanda, moyo unadunda kama ngoma, na misuli haijatumia oksijeni ya kiasi hicho. Saa haijui hiyo tofauti, yenyewe inaona moyo tu.

Kama bado huamini namba ni ndogo hivi, pima kwa fizikia ile ya form three. Mtu ameweka kilo 100 mabegani anafanya skwoti, na anainuka pia na mwili wake, tuseme kilo 70 za mwili, jumla 170, zinapanda sentimita 60 hivi. 170 mara 9.8 mara 0.6 ni kama jouli 1,000 kwa kila mara moja. Mara kumi ni 10,000. Kalori moja ya chakula ni jouli 4,184, kwa hivyo kazi yote hiyo ni kama kalori 2.4. Mwili hupoteza nguvu nyingi kama joto, kwa kazi ni kama asilimia 20 tu inayofika, kwa hivyo zidisha mara tano, unapata 12, na uongeze kidogo ya kushusha chuma. Seti nzima ya kukunja uso, na kijiko kimoja cha sukari kwa chai ni kalori 16. Inauma lakini ndio hivyo.

Na jasho lisikudanganye. Kisumu hapa saa nane mchana unachuruzika hata ukifunga kamba za viatu, na mtu wa Nakuru anaweza kumaliza seti zote asubuhi na baridi shati likiwa kavu, kazi ni ile ile. Wale wa kuvaa jaketi ya nailoni ndani ya joto la Kisumu, kilo mnayoona imepotea ni lita moja ya maji, ukinywa inarudi, na siku moja mtaanguka.

Ile stori ya mwili kuendelea kuchoma baada ya mazoezi ni kweli lakini ni kidogo, usiipangie bajeti. Misuli nayo, kilo moja ikikaa tu inatumia kama kalori 13 kwa siku, sio mamia kama wanavyouza kwa mtandao. Piga chuma kwa sababu ya nguvu na mifupa, kalori ziwe za ziada.

Ukipata namba yako iandike kama kati ya hapa na hapa, kwa mfano yule dada aandike 110 mpaka 160, na akipanga chakula ashike ile ya chini. Soda ya nusu lita ina kalori 200 na kitu, kwa hivyo zawadi ya baada ya jimu inaweza kufuta zoezi lote na deni juu.

Kisha uipime kwa mizani. Pima kila asubuhi kabla ya chai kama una mizani nyumbani, kama unapimwa tao basi siku ile ile na saa ile ile kila wiki, angalia wiki nne. Kilo moja ya mafuta ni kama kalori 7,700, kwa hivyo kama hesabu yako ya chakula na mazoezi ilisema una upungufu wa 275 kila siku, mwezi ungetoka na kama kilo moja. Ikitoka nusu, ama hesabu ya chuma ni kubwa ama kuna chapati hazikuandikwa, na mara nyingi ni chapati. Punguza makadirio uanze mwezi mwingine. Kina dada mlinganishe wiki ya mwezi huu na wiki kama hiyo ya mzunguko uliopita, kwa sababu maji ya kabla ya hedhi yanaweza kuficha kilo nzima.