Somo: Kusoma taswira za asili katika ushairi wa Emily Dickinson

Wanafunzi wengi wakikutana na Emily Dickinson, mshairi wa Marekani wa karne ya 19, huanza na swali hili: ndege huyu anawakilisha nini? Jibu hupatikana upesi, uhuru au roho, na shairi linafungwa kabla halijasomwa. Hapa tunakwenda kinyume. Kwanza tunatazama mnyama anafanya nini, halafu tunatafuta mahali taswira inapogeuka, na dhamira tunaiandika mwisho kabisa.

Shairi la mfano ni lile linaloanza "A Bird, came down the Walk" (ndege alishuka njiani). Lina beti 5 za mishororo 4. Dickinson hakuwa na kawaida ya kuyapa mashairi yake vichwa, kwa hiyo huitwa kwa mshororo wa kwanza au kwa namba: hili ni 328 katika toleo la mhariri Johnson la 1955, na 359 katika toleo la mhariri Franklin la 1998.

Hatua ya 1: Kagua toleo lililo mkononi mwako

Dickinson (1830–1886), mkazi wa Amherst, Massachusetts, aliacha mashairi karibu 1,800. Yaliyochapishwa akiwa hai ni kama 10 tu. Wahariri wa kwanza, kuanzia 1890, waliyabandika vichwa, wakasawazisha baadhi ya vina na kubadili alama za uandishi. Matoleo hayo ndiyo yaliyojaa mtandaoni kwa sababu hayana hakimiliki. Ukiona shairi lake lina kichwa cha kupendeza na halina vistari vyake virefu, shuka hadi chini uangalie mwaka. Katika hatua ya 4 utaona jinsi nukta mkato moja inavyoweza kubadilisha tafsiri.

Hatua ya 2: Orodhesha vitendo

Chora safu mbili. Kushoto andika kinachotokea, kulia andika neno lisilotarajiwa. Ndege anashuka njiani bila kujua anatazamwa. Anamkata nyungunyungu vipande viwili na kumla mbichi. Anakunywa umande kwenye jani, kisha anaruka kando kumpisha mbawakawa.

Safu ya kulia ndiyo yenye mali. Nyungunyungu anayeliwa anaitwa "fellow", yaani jamaa. Analiwa "raw", kana kwamba ndege alikuwa na jiko akaamua kutolitumia. Na huyo muuaji, mistari michache baadaye, anampisha mdudu mwingine kama mtu muungwana kwenye ujia mwembamba. Kosa la kawaida hapa ni kuchagua upande: mmoja anaandika kwamba asili ni katili, mwingine kwamba ni ya upole. Shairi limeweka yote mawili bega kwa bega, wala halioni haja ya kuyapatanisha.

Hatua ya 3: Hesabu mizani na vina

Hapa msomaji aliyelelewa na ushairi wa Kiswahili ana mtaji mkubwa, maana kuhesabu ameshazoea. Beti 1 hadi 3 zina mizani 6, 6, 8, 6, mpangilio uliotumika sana katika nyimbo za kanisani za Kiingereza. Angalizo: "convenient" katika ubeti wa 2 inahesabiwa silabi 3. Ukiipa 4, mshororo utakupa 7 na utadhani mshairi amejikwaa.

Sasa hesabu ubeti wa 4: 7, 6, 7, 6. Mpangilio umevunjika, na umevunjika palepale binadamu anaponyoosha mkono kumpa ndege chembe ya mkate.

Vina navyo vinasimulia. "Saw" na "raw" ni kina kamili, vivyo hivyo "Grass" na "pass". Katika ubeti wa 3 macho ya ndege yanapoanza kuhangaika, "abroad" na "Head" vinashikana kwa konsonanti ya mwisho tu. Baada ya hapo ni "Crumb" na "Home", kisha "seam" na "swim". Kina kamili hakirudi tena. Mwanafunzi aliyekariri kwamba Dickinson hutumia vina hafifu, yaani visivyo kamili kama hivi, hajasema kitu bado. Aeleze vinaanzia wapi na kwa nini hapo.

Hatua ya 4: Tafuta mgeuko

Ubeti wa 4 unafunguliwa na "Like one in danger, Cautious". Ni nani aliye kama mtu hatarini, ndege au nafsineni, yaani "mimi" anayesema ndani ya shairi? Sarufi inaruhusu wote wawili. Toleo la 1891 liliweka nukta mkato baada ya "danger": hatari ikabaki kwa ndege, uangalifu ukapewa binadamu. Msomaji wa toleo hilo hawezi kuona kwamba hofu inaweza kuwa ya wote. Kama ni kipengele kimoja tu utakachokifafanua kwa kina katika insha yako, chagua hiki.

Kisha ndege anaruka, na hewa inageuka maji. Mabawa yanakunjuliwa na ndege anapiga makasia kwenda kwao, kwa wepesi unaoshinda makasia yanayoipasua bahari, bahari ya rangi ya fedha isiyoonyesha mshono. Vipepeo nao wanajitosa kutoka kingo za adhuhuri bila kurusha hata tone. Adhuhuri, ambayo ni wakati, imepewa kingo kama mto. Usipite haraka hapo.

Hatua ya 5: Andika dhamira kwa sentensi kamili

"Asili" si dhamira. "Uhusiano wa binadamu na asili" ni mada tu. Dhamira iwe na kitenzi kinachodai jambo, mfano: asili humwacha binadamu aitazame lakini hukataa ukarimu wake, na uzuri mkuu wa shairi unazaliwa na kukataa huko. Kisha leta ushahidi wa maneno 3 hadi 6 kwa kila dai. Ukinukuu ubeti mzima, msahihishaji hatajua unaonyesha nini.

Maswali ya wanafunzi

Shikamoo mwalimu. Katika shairi lake jingine, la "Hope" (matumaini), ndege ni matumaini. Naweza kusema hata huyu ni matumaini?

Marahaba. Hapana, usihamishe maana kutoka shairi moja kwenda jingine. Linganisha badala yake: ndege wa matumaini hajawahi kuomba chembe hata kwenye dhiki, na huyu anapewa chembe anakimbia. Ulinganisho huo una nguvu kuliko kuwafanya kitu kimoja.

Si alijifungia ndani? Asili aliijulia wapi?

Alijitenga na watu katika miaka ya baadaye, si na bustani. Akiwa msichana alisoma botania, akakusanya na kukausha mimea zaidi ya 400 katika albamu iliyohifadhiwa hadi leo Chuo Kikuu cha Harvard. Nyumbani alikuwa na chumba cha vioo cha kuoteshea maua. Lakini usisome kila "mimi" kuwa ni yeye. Katika "A narrow Fellow in the Grass" nafsineni anasema aliwahi kuwa mvulana.

Hilo la "A narrow Fellow" husemwa ni la nyoka, mbona nyoka hatajwi?

Kwa sababu limejengwa kama kitendawili: linatoa dalili, jibu unalipata kwa kushtuka. Gazeti la Springfield lililolichapisha 1866 liliweka kichwa "The Snake", yaani likajibu kabla ya kutega. Dickinson alilalamika kwa barua kwamba limeporwa kwake, na kwamba alama za uandishi zimeuharibu mshororo wa 3.

Herufi kubwa zote ni ishara?

La. Jaribu hivi: ishushe herufi iwe ndogo, usome kwa sauti. Kama hakuna kilichopotea, usiijengee hoja. Vistari visome kama pumzi.

Shairi lake "There's a certain Slant of light" (kuna mwanga fulani wa mshazari) linanishinda. Mwanga wa mchana unaumizaje?

Weka jua mahali pake kwanza. Amherst mwishoni mwa Desemba, jua la saa sita mchana linafika nyuzi kama 24 tu juu ya upeo. Dar es Salaam, hata Juni linapokuwa chini kuliko miezi mingine, hufika karibu 60. Shairi linataja alasiri ya majira ya baridi, kwa hiyo mwanga umeshuka zaidi, unaingia kwa ubavu, na siku inakwisha mapema. Ukisoma ukiwa na alasiri ya Dar kichwani, neno "Slant" halitakuambia chochote.