Weka geini kwa kiitikio, si kwa mstari wa kwanza

Kwa mnaoanza kozi ya utayarishaji wa sauti kwenye vyuo vya jamii huku Marekani: ukirekodi kwa biti 24, usihangaike kupandisha geini, yaani ukuzaji wa sauti ya maikrofoni, hadi kuijaza mita ya kiwango cha sauti. Acha sauti icheze karibu na desibeli -18 (0 ndiyo kikomo), vilele visipite -6. Sauti ndogo utaipandisha baadaye. Iliyopasuka kwa kuzidi kikomo ndiyo imekwenda. Nimewahi kupoteza kiitikio kizuri sana hivyo. Mwimbaji akiambiwa ajaribu maikrofoni huimba kwa upole, kumbe kwenye kiitikio anafungua kifua. Mwombe aimbe hapo kwanza, kwa nguvu zote, ndipo uweke geini. Na kabla hajavua hedifoni, rekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba. Utazihitaji kuziba mapengo wakati wa kuhariri.